Kila Akipepesa Macho, Mimi Ndiye Ninayetazamwa

Saa moja kasorobo asubuhi, yaya amepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, anamfunga mtoto kamba za viatu. Mtoto ana miaka mitano na anaongea tangu alipofungua macho, ndiyo maana nyumba nzima inamwita Chiriku. Katikati ya habari za paka wa jirani, uso wake unabadilika. Macho yanapepesa haraka haraka, pua inakunjika, mdomo unavutwa upande. Kisha uso unatulia, na habari za paka zinaendelea.

Yaya anakaza fundo. Mama mtu amesimama mlangoni, mkoba begani, tayari kwenda kazini. Mama hamtazami mtoto. Anamtazama yaya.

"Umeona jicho alilonitupia?" yaya ananiuliza mlango unapofungwa. "Daktari alishaeleza kinachomsumbua mtoto, na wote tulikuwepo tukasikia. Lakini lile jicho bado liko pale pale."

Amelea watoto wa watu tangu alipomaliza shule, na sasa ana miaka thelathini na minne. Mshahara wake ndio unaomsomesha mdogo wake. Cheti cha kazi hana, na hajawahi kuulizwa.

"Kazi yetu inakwenda kwa jina," anasema. "Mama mmoja akimwambia mwenzake 'yule dada mwangalie vizuri', basi, umekwisha. Hata hutajua ulikosa nini."

Ilianza wakati wa likizo, kwa kupepesa macho tu. Alidhani ni vumbi, akamwosha kwa maji safi. Akadhani ni televisheni, akaizima. Baada ya muda pua nayo ikaingia, kisha mdomo. Alimkemea: acha hivyo, uso utabaki hivyo hivyo! Mtoto alijikaza kidogo, halafu uso ukacheza maradufu.

Mama wa mtoto, keshia katika duka la vifaa vya ujenzi, hafichi alichokuwa akiwaza. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu na hukaa nyumbani siku chache.

"Asubuhi namwacha mwanangu mzima, jioni namkuta anakunja uso," anasema. "Na siku nzima yuko na mtu mmoja. Ungekuwa wewe, ungemshuku nani?"

Jirani wa ghorofa ya chini akatia chumvi. Alimwambia kuwa mayaya wa siku hizi huwanywesha watoto dawa ya kikohozi ili walale, wao wapate kutazama tamthilia. Jioni ile mama alichukua kalamu, akaweka alama kwenye chupa ya dawa, pale dawa ilipofikia.

Yaya aliiona alama kesho yake alipokuwa akifuta rafu. "Nilijua napimwa," anasema. "Nikanyamaza. Ila na mimi nikaanza yangu."

Yake ilikuwa hii: siku za mapumziko mtoto hushinda na mama peke yake, na Jumatatu uso wake hucheza zaidi. Yaya akaanza kumkagua wakati wa kumwogesha, mgongo, mapaja, nyuma ya masikio. Alikuwa anatafuta alama za kipigo. Hakuziona, lakini hakuacha kutafuta.

Wanawake wawili, jiko moja, kila mmoja akimchunguza mtoto ili amkamate mwenzake. Salamu zilibaki za mdomoni tu.

Kisha ikafuata simu ya kabatini. Yaya alikuwa anashusha kopo la unga kutoka juu ya kabati, akaona simu ya zamani imesimamishwa katikati ya makopo, kamera yake ikielekea jikoni. Ilikuwa inarekodi.

Hakuigusa. Alimlisha mtoto, akaosha vyombo, akapanga nguo zake kwenye begi na kukaa nalo sebuleni hadi mama aliporudi.

"Kama huna la kuficha, mbona unaondoka?" mama alimuuliza.

"Naondoka kwa sababu unanitafutia la kuficha."

"Basi niambie umemfanya nini mwanangu!"

"Wewe niambie unamfanya nini nikiwa sipo!"

Wote wawili wanakumbuka kilichofuata. Chiriku alikuwa amesimama kati yao, kimya, jambo lisilo la kawaida kwake. Uso wake ulikuwa unacheza bila kupumzika, macho, pua, mdomo, na mikono miwili ameiweka mashavuni kana kwamba anauzuia usidondoke.

Mama akalivuta begi kutoka mkononi mwa yaya, akaliweka chini. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Kesho twende hospitali. Wote watatu."

"Nilijua napelekwa kuhukumiwa," yaya anasema. "Lakini nilienda. Nilitaka na yeye ahukumiwe."

Ndani ya chumba cha daktari, Chiriku alichezea kigari cha plastiki na uso wake haukucheza hata kidogo. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, aliuliza kama wana picha za video. Mama alisita, kisha akaitoa ile simu ya kabatini.

Daktari alitazama kwa makini. Alionyesha mahali ambapo mtoto, huku uso ukicheza, anaitwa na kuitika vizuri. Aliuliza kama huwa anaanguka, au anapotewa na fahamu. Hapana. Ndani ya video ikasikika sauti ya yaya: "Acha hivyo!" Mama akamgeukia. Mara ikasikika ya pili, ya jioni ya nyuma simu ikiwa haijazimwa, sauti ya mama mwenyewe: "Nimesema uache, au nikufinye tena?"

Daktari akaizima video.

"Tunaziita tiki," daktari aliwaambia. "Misuli inajikaza yenyewe. Ni kama chafya: unaweza kuizuia kidogo, lakini itakuja. Watoto wengi wa umri huu huzipata, na kwa wengi huisha zenyewe baada ya wiki au miezi. Uchovu, wasiwasi, hata furaha nyingi huzizidisha. Kukemewa na kutazamwa pia."

"Na dawa aliyonyweshwa?" mama aliuliza.

"Aliyonyweshwa na nani?"

Mama akainamisha kichwa: dawa ile haikuwahi kushuka chini ya alama yake.

Daktari aliwataka wamrudishe ikiwa hali itapita mwaka, itamuumiza, itamsumbua shuleni, au siku akiitwa asiitike. Zaidi ya hapo, wamwache aongee habari zake.

Hilo wamelijaribu. Siku nyingine uso unatulia kutwa nzima, nyingine haukubali. Yanayokwenda polepole zaidi ni yale ya wakubwa. Yaya akipita kwenye ngazi, jirani wa chini hubadilisha mazungumzo.

"Alinishtaki kwa sauti, ananisafisha kwa kunong'ona," yaya anasema kuhusu mama wa mtoto.

Mama hakatai. "Nilimweleza jirani alichosema daktari, lakini nusu nusu. Kumshuku mtu nilianza siku moja tu. Kuacha, sijui ninaanzia wapi."

Mama ni mjamzito. Wiki iliyopita, wakikunja nguo, alimuuliza yaya kama atakubali kumlea na huyu anayekuja. Yaya alisema atafikiri, na bado anafikiri. Ana ndoto ya kufungua chumba chake cha kulelea watoto, kwa dada yake, na anaweza kuondoka wakati wowote.

Lakini jibu, anasema, amekwisha kulipanga.

"Nitakubali kwa sharti moja, na atalisema mbele ya mumewe akirudi. Siku akiona kitu kwa mtoto, ataniuliza mimi kwanza. Akishindwa kulisema hilo, namtakia uzazi mwema, naenda zangu."

Baba wa mtoto anatarajiwa Jumamosi.