Kiwanja cha Ipagala Kabla ya Msiba

Mara mbili nilimrudisha yule mama. Alikuwa mjane, mtu wa Kondoa, anafuatilia kiwanja cha Ipagala alichojenga na marehemu mumewe. Mimi, mtunza kumbukumbu wa ofisi ya ardhi, nilimjibu bila hata kumkaribisha kiti kwamba mfumo unasoma jina la shemeji yake tu. Na shemeji alishamwambia ahame. Nilikuwa nimevimba kichwa, nakiri.

Mara ya tatu hakubishana. "Mwanangu, jina langu nililisoma humo humo," alisema, akionyesha kompyuta. "Limekwenda wapi?"

Swali lilinikera kwa sababu lilikuwa na jibu. Kanzidata yetu haitupi kitu: ukibadilisha taarifa, ile ya zamani inahamia jedwali la pembeni, pamoja na tarehe ilipoanza na ilipokoma kutumika. Ukiiuliza kiwanja kilikuwa cha nani siku fulani, inakuambia. Ni mistari michache ya kuandika. Uvivu tu ulinizuia. Nikamuuliza mumewe alifariki lini, nikaomba taarifa za siku moja kabla.

Yakatokea majina mawili, la mume na la kwake. Nikashusha pumzi. Kisha nikasogea mbele nione yalibadilika lini. Wiki mbili baada ya arobaini, yote mawili hayapo. Kwenye safu ya aliyebadilisha kulikuwa na jina langu la kuingilia.

Jamani! Nikaikumbuka ile Ijumaa. Shemeji alikuja na muhtasari wa kikao cha ukoo, una saini na madole gumba, kwamba ukoo umemteua yeye kusimamia mirathi. Muhtasari ule hupelekwa mahakamani kwanza, haubadilishi umiliki. Hilo nalijua tangu nianze kazi. Lakini alinisalimia vizuri, nami nilikuwa nawahi kwenda Mvumi kwetu. Nikabonyeza.

Nilimgeuzia kioo cha kompyuta. Akasoma polepole, akauliza huyo aliyemfuta ni nani. Ningeweza kusema mfumo ulikosea. Ofisini kwetu mfumo hubebeshwa kila dhambi.

"Ni mimi, mama."

Akaniambia, "Basi liandike hilo kwa barua, nilipeleke mahakamani."

Nilijua barua hiyo inaweza kunifukuzisha kazi. Nikaiandika, nikaweka saini na mhuri, nikamsindikiza hadi getini. Hakuniaga.