Koti la Bani

Baba amelima tumbaku Urambo tangu sijazaliwa, na ameivuta karibu muda huohuo. Hakununua sigara, alisokota majani ya bani lake mwenyewe, lile banda la kukaushia kwa moto, akavuta huku anachochea kuni. Tumbaku ndiyo iliyonisomesha. Utaanzaje kuitukana?

Mwaka jana akaanza kuhema hata akivaa viatu. Daktari akatuambia mapafu yameharibika na hayatarudi yalivyokuwa. Akiacha sasa, ataongeza siku. Akiendelea, tusije tukamlaumu mtu. "Mtoeni huko kijijini," alisema. Nikamleta kwangu mjini, Kanyenye, mbali na bani.

Jamani, kuacha tumbaku si mchezo! Baba yangu, mtu mpole wa kanisani, alinirushia sahani ya ugali. Jasho, mikono inatetemeka, usingizi hakuna. Daktari alishatuonya kwamba mwili uliozoea nikotini hudai chake. Jirani mmoja akaleta mdomo wake: "Sikio la kufa halisikii dawa." Nilimfukuza uani kwangu. Baba alikuwa anasikia vizuri sana! Mwili ndio uliokataa.

Kisha akatulia. Akaanza kula, akanitania kwamba ugali wangu ni uji wa wagonjwa. Nilifurahi, nikawa naimba jikoni. Mama akaja kumwona, akamletea koti lake kuukuu la kazini, maana asubuhi za Juni zina baridi. Baba alilipokea, akajifunika nalo usoni, akavuta pumzi ndefu mpaka akakohoa. Koti lilinuka bani zima.

Nilimpokonya. Nikalifua palepale kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikalisugua kwa hasira, nikalianika. Baadaye kidogo nilimkuta amesimama kwenye kamba, ameshika mkono wa koti lililolowa, ananusa kola, ananusa mifuko. Alipokosa harufu akalia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia, hata alipomzika mdogo wake.

"Mwanangu, najua itaniua," alisema. "Nirudishe nyumbani."

Nilitaka kugomba, na ulimi wangu mtaa mzima unaujua. Lakini nimpeleke, nimemuua; nimzuie, namtesa. Nilichoweza ni kumshika kiunoni asianguke, kwa sababu alikuwa ameanza kuhema tena.