Kilichonyonya Betri ya Mwalimu Esther

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kazi yoyote. Foremani wa gereji, mzee wa sauti ya chini, aliniita mbele ya betri ya lori. Akachukua spana kuukuu akaigusisha kwa wakati mmoja kwenye vichwa viwili vya betri. Cheche ziliruka mpaka kwenye ovaroli yangu mpya. Nilirudi nyuma nikagonga ukuta.

“Umeogopa?” akauliza.

“Ndiyo, mzee.”

“Vizuri. Asiyeogopa stima simtaki hapa, awe mvulana, awe msichana.”

Msichana nilikuwa peke yangu. Gereji ilikuwa Nakuru, upande wa viwandani, na mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi huko nyumbani. Kazi yetu mafundi wa nyaya ni taa, starta ya kuwashia injini, honi, na altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili ijaze betri gari likitembea. Makanika anaona mafuta yakivuja. Sisi kinachovuja hakionekani, na kikipata njia mbaya huteketeza gari na aliye ndani. Nimelala na woga huo miaka yote ya kazi.

Kutoka hapo nilihamia karakana ya shamba kubwa la ngano, upande wa Njoro. Mkuu wa Karakana alikuwa mkali, na ndiye aliyenifundisha ugonjwa ninaotaka kuwasimulia, wa betri kunyonywa gari likiwa limezimwa. Jioni unaegesha gari zima, asubuhi ukizungusha ufunguo unasikia tik, basi. Watu hukimbilia kununua betri mpya. Mkuu wa Karakana alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema, “Usinibadilishie betri kabla hujaniambia ni nani anayeinywa.”

Njia yake naitumia mpaka leo. Kwanza jaza betri na uipime, uhakikishe yenyewe si mbovu. Kisha zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua waya wa hasi, halafu weka mita katikati ya waya huo na betri, ili stima yoyote inayotoka ipite kwenye mita uione. Gari likilala, mita hukaribia sifuri. Isipokaribia, unachomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku ukiitazama. Fyuzi itakayoishusha ndiyo ya njia yenye mwizi.

Shamba lilipogawanywa, nilifungua kibanda changu cha mabati kando ya barabara ya kwenda Subukia. Hapo ndipo Mwalimu Esther alipokuja.

Alikuwa akifundisha shule ya msingi karibu na hapo, na akiishi kwa mamake Kabazi. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, la zamani, rangi imepauka juu ya boneti. Aliliingiza uani akakaa ndani bila kuzima injini.

“Mama Brian, nikizima haliwaki tena,” aliniambia kupitia dirishani. “Nimebadilisha betri, na bado. Na siku nyingine linazimika lenyewe barabarani.”

“Linazimika likitembea?”

“Likitembea.”

Hiyo ilinishtua kidogo. Betri iliyonyonywa hukataa kuwasha gari. Haizimi gari lililo mwendoni likiwa na altaneta nzima. Nilimwambia azime, ashuke, akae kwenye benchi la wateja. Hakukaa. Alisimama akiangalia barabara, na kila gari lililopunguza mwendo alilifuata kwa macho.

Betri ilikuwa nzima, na altaneta vilevile. Niliweka mita, na sindano ikapanda ikakaa pale juu. Nikaanza kuchomoa fyuzi: ya taa, ya redio, ya honi, ya feni. Sindano haikutikisika. Nilichomoa zote nikazipanga juu ya gazeti, na sanduku la fyuzi likabaki matundu matupu. Mita bado ilikuwa ikisoma. Nikafungua waya wa altaneta, kwa maana nayo huweza kuvujisha. Hakuna kilichobadilika.

Sasa fikirini, nyinyi mnaoingia kwenye kazi hii. Kila njia aliyoichora mtengenezaji ilikuwa imefungwa, na bado kulikuwa na kitu kinakunywa. Maana yake mtu mwingine alikuwa amejichorea njia yake.

Nililala chali chini ya usukani, nikapitisha mkono nyuma ya dashibodi. Mkono ni kipimo pia, kwa sababu kinachokunywa stima hutoa joto. Niligusa rilei, yaani swichi ndogo inayofunguliwa na kufungwa na stima yenyewe. Ilikuwa na joto kama kikombe cha chai, katika gari lililozimwa. Nilimulika. Nyaya za gari lile zilikuwa zimefifia kwa uzee, lakini hapo palikuwa na utepe mweusi unaong'aa. Rilei ilikuwa imekatiza waya wa pampu ya mafuta. Kando yake, nyuma ya redio, palikuwa na kisanduku kidogo chenye taa ya kijani. Taa iliwaka ikazima. Ikawaka tena.

Nilijua ni nini. Magari mengi yana traka, kifaa chenye laini ya simu kinachomwambia mwenyewe gari liko wapi. Na ikiunganishwa na rilei namna ile, mtu aliye mbali huzima gari kwa ujumbe wa simu.

Vifaa vingine vya aina hiyo husikiliza hata maneno. Niliweka kidole mdomoni, nikamshika Mwalimu mkono, nikamtoa mpaka kwenye ua wa michongoma.

“Nani amelishika gari lako hivi karibuni?”

“Baba Joy.” Huyo alikuwa mumewe, ambaye Mwalimu alikuwa amemkimbia. “Alilipeleka sevisi. Alisema ni amani, hata kama tumeachana.”

Nilimweleza nilichokiona. Hakulia. Alikaa chini kwenye nyasi na sketi yake ya shule.

“Kila ninapoenda ananipata,” akasema. “Nikiwa sokoni, yuko. Nikienda kwa rafiki, anapiga simu: chai imeiva? Kule mteremko wa Subukia gari lilizimika penye miti, hakuna nyumba. Kabla sijatoa simu, akawa amesimama nyuma yangu. Akasema alikuwa anapita tu. Mama Brian, alikuwa amebeba kamba. Akasema ni ya kunivuta.”

Aling'oa jani la nyasi, akalikunja.

“Mimi nilidhani ni dada yangu anamwambia,” akasema tena. “Ruth. Nilimfukuza alipokuja kututembelea. Hatujaongea tangu hapo.”

Simu yake ikalia. Alinisogezea ili nisikie.

“Mrembo, gari limeharibika? Naona umekaa hapo sana.”

Sauti ilikuwa ya upole. Mwalimu alijibu kwamba ni starta, fundi anamalizia. Akakata.

Hapo nilikuwa na hesabu ngumu. Nikiking'oa kifaa, kingempigia Baba Joy kelele kwenye simu kwamba kimekatwa stima, naye angekuja. Nikikiacha, angemzimia Mwalimu gari njiani akienda polisi. Nilichukua betri ya zamani iliyokuwa chini ya meza, nikavuta nyaya mbili mpaka nyuma ya dashibodi, nikaziunga kwenye kifaa kikiwa bado kinakunywa betri ya gari. Kwa muda kilikuwa na mama wawili. Ndipo nikashika koleo ya kukatia. Jasho lilikuwa likiniingia machoni, na nilijua nikigusisha waya usiofaa taa ile ingekufa na mtu yule angejua. Nilikata. Taa ya kijani iliwaka. Nikangoja. Ikawaka tena.

Nilirudisha waya wa pampu kama ulivyokuwa mwanzo, nikaibandua rilei, nikarudisha fyuzi na nyaya nilizokuwa nimefungua. Kifaa nilikilaza mezani na betri yake. Kwenye simu ya Baba Joy, gari lilikuwa bado uani kwangu.

“Nenda kituoni,” nikamwambia. “Usisimame popote. Waambie waje hapa.”

Gari liliwaka kwa mguso mmoja. Alipoondoka nilibaki na ile taa, na sijawahi kuogopa kitu kidogo namna ile.

Aliyefika kwanza ni sajini wa kike, amevaa sweta na leso kama mteja. Aliketi kwenye benchi. Hakuwa ameketi sana Baba Joy alipoingia, mwanamume msafi, viatu vinang'aa.

“Mathe, habari ya kazi?” akasema, kama anayemsalimu mama yake. “Kuna gari jeupe hapa. La bibi yangu.”

“Hapa? Silioni.”

Alizunguka kibanda, akachungulia nyuma ya mabati. Akarudi akasimama karibu nami mpaka nikanusa manukato yake.

“Usinichezee. Liko hapa.” Akageuza simu anionyeshe. “Angalia. Hii ni ramani. Hii doti ni gari, na liko hapa unaposimama.”

Sajini aliinuka. “Hebu nami nione hiyo doti,” akasema, akaichukua simu mkononi mwa Baba Joy.

Kesi ilichukua muda. Nilisimama mahakamani nikaeleza njia ya waya, kutoka betri mpaka kwenye pampu, Baba Joy akinitazama bila kupepesa macho. Mwishoni alipewa kifungo, na amri ya kutomkaribia Mwalimu. Mwalimu aliendesha lile gari mpaka Kuresoi kwa dada yake. Aliniambia alizima injini langoni, Ruth akatoka na mikono yenye udongo wa viazi, akamkumbatia nayo vivyo hivyo.

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni waya mwembamba, na mgongo haukubali tena kulala chini ya usukani. Watu hudhani uzee huondoa woga. Mimi bado nafunga lango jua likiwa juu.

Juzi nilikutana na Baba Joy sokoni Nakuru. Ametoka gerezani, amekonda, viatu bado vinang'aa. Nilikuwa nachagua nyanya. Alisimama mbele yangu.

“Mathe. Bado unashika magari ya watu?”

Mama wa nyanya alinitazama, akamtazama yeye.

“Nimestaafu,” nikamwambia. “Lakini nimefundisha wasichana wengi.”

Aligeuka akaingia kwenye umati. Nilimwomba mama wa nyanya kigoda, nikakaa mpaka miguu iliponirudia.