Magunia Kumi ya Malakite

Vidole viwili vya mkono wa kulia wa Fidélie Mwenze vilikuwa vimepinda kama misumari iliyopigwa vibaya, na hakuvionea haya. Vilivunjwa na mpira. Alizaliwa Manono, akaletwa Kolwezi mgongoni mwa mama yake baba alipoandikwa kazi mgodini, na alipokua akaichezea timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya mtaa wa Kapata miaka kumi na mitatu. Timu iliitwa Malakite, kwa jina la lile jiwe la kijani lenye shaba ndani yake. Alipochoka kukimbia wakampa ukatibu, na katibu wa Malakite ndiye aliyefanya yote: kuwaandikisha wachezaji, kuwatafutia kazi, kugombana na marefa, na kufua jezi siku sabuni ilipopatikana. Mume wake alikuwa amevuka mpaka kwenda Zambia kutafuta maisha. Barua zake zilipungua, kisha zikakoma.

Zamani kampuni ya shaba haikuona taabu kulea timu. Msichana mwenye shabaha aliandikwa kazi hospitalini au kwenye nyumba ya wageni, akapewa posho ya unga, mafuta na samaki kama mfanyakazi mwingine, lakini kazi yake hasa ilikuwa Jumapili uwanjani. Kisha mgodi wa chini ukabomoka, mashine zikakosa vipuri, mishahara ikawa haiji, na noti za benki zikawa karatasi za kufungia karanga. Mwezi wa Januari 1993, ligi ikiwa mapumzikoni na mvua ikipiga mabati, mkubwa wa huduma za jamii wa kampuni alimwita Fidélie ofisini.

"Mama Fidélie, sikia. Magunia kumi ya bunga kwa mwezi, na fasi sita za kazi. Njo mwisho. Gawa vile unapenda, lakini usirudie hapa kuniomba gunia ya kumi na moja."

"Tata, niko na bachezaji kumi na mbili."

"Chagula."

Akachagua. Mapatano ya wachezaji wote yalikwisha pamoja na ligi, kwa hiyo kila mmoja alikuwa huru kwenda alikotaka. Aliyetakiwa zaidi ni Tshilombo, mwanamke mrefu kuliko wanaume wengi wa Kapata, aliyecheza chini ya kikapu na kuinyakua mipira juu ya vichwa vya wenzake. Timu moja ya Lubumbashi ilikuwa imekwisha kumtumia mtu wa kumwahidi nyumba yenye maji. Fidélie aliona kwamba akimpoteza huyo, hao wengine watabaki kukimbiakimbia tu. Basi akampa magunia mawili ya unga na kazi yake ya hospitali. Watano wengine kila mmoja gunia na kazi. Gunia moja akalipeleka kwa Mwanvua, binti wa wafanyabiashara Waislamu wa Likasi, mwepesi wa miguu, ambaye timu yake ilikuwa imekufa na hakudaiwa na mtu. Mawili ya mwisho wasichana wanne wagawane. Wawili wa zamani hawakupata kitu, hata kazi, na mmoja wao alikuwa Abigaëlle.

Abigaëlle na Fidélie waliingia timuni mwaka mmoja. Walilala mkeka mmoja katika safari zote za mechi. Fidélie hakutaka mwenzake apelekewe karatasi ya kumwachisha. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwake, akamkuta anapika bukari, ugali wa huko, kwa watoto wanne.

"Abi, goti yako hairuki tena."

"Goti yangu iliruka miaka kumi na ine. Na gunia yangu unapatia nani? Ule wa Kasai? Magunia mbili muntu mumoja?"

"Napatia muchezaji wa kwanza wa Katanga muzima."

Abigaëlle alicheka, akaendelea kusonga. "Wa Katanga! Fidélie, weye unajenga timu na bantu benye habatabakia."

Alijua alichosema. Kaka yake, Dodo, alikuwa kiongozi wa vijana wa chama cha wenyeji wa Katanga katika mtaa ule. Tangu mwaka uliopita, mikutanoni na redioni, watu ambao babu zao walitoka Kasai kuja kujenga reli na kuchimba migodi waliitwa bilulu, yaani wadudu, na wadudu hufagiliwa. Ndivyo timu ya Mwanvua ilivyokufa: nusu ya wachezaji wake walikuwa Wakasai, wakafukuzwa Likasi na kulala stesheni hadi treni zikawachukua. Fidélie aliyajua hayo yote. Lakini Kapata, alijiambia, ni mtaa wa kampuni. Watu wamezikana hapa. Waliimba kwaya moja.

Wiki ya pili ya Machi, Dodo aliingia katika chumba cha timu na wanaume wawili. Alitaka sanduku la leseni, kwa sababu leseni ya kila mchezaji ilionyesha nyumba anayokaa na mahali baba yake alipotoka.

"Hii ni ya timu," Fidélie alisema, akakaa juu ya sanduku.

Dodo alimpiga kofi lililomwangusha hadi kwenye kabati. Mtu huyu alikuwa amekula kwake mara ngapi! Alipotaka kusimama, mmoja wa wale wawili alimkanyaga mkono kwa buti, akabaki ameukanyaga mpaka sanduku likatoka mlangoni.

Alikwenda moja kwa moja kwa Tshilombo, mdomo ukivuja damu. Mume wa Tshilombo, Tshibangu, fundi wa karakana, alikuwa anatengeneza redio.

"Mwende," Fidélie alisema. "Mwende leo. Bamekamata majina."

"Kwenda wapi?" Tshibangu hakuiacha bisibisi. "Mi nilizaliwa hapa, mu hospitali ya kampuni. Baba yangu bamemuzika hapa. Banasema nirudie kwetu. Kwetu ni wapi, mama?"

Tshilombo alimtazama Fidélie akingoja aseme neno jingine. Na Fidélie, Mungu amsamehe, hakulisema. Ligi ilikuwa ianze Aprili. Alikunywa maji waliyompa, akaenda nyumbani kuukanda mkono wake.

Siku tisa baadaye, asubuhi watu wakiwa kwenye foleni ya bomba, filimbi zililia upande wa juu wa mtaa. Vijana waliteremka safu kwa safu, sufuria zikigongwa, mapanga mikononi, na mbele yao Dodo akisoma namba za nyumba. Fidélie alikuwa akiishi safu mbili za nyumba nyuma ya Tshilombo. Alikimbia bila viatu.

Alimkuta Tshibangu amesimama mlangoni kwake, ameshika miimo ya pande zote mbili, mwili wake ndio umekuwa mlango. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akiwaita kwa majina: we mwana wa fulani, we nilikufundisha kuchomelea. Mmoja alimpiga vidole kwa ubapa wa panga ili aachie. Hakuachia. Basi panga likageuzwa upande wa makali. Hata hapo alibaki amesimama, akishikilia kwa viganja visivyo na vidole, mpaka Dodo alipokuja na nondo na kumpiga kichwani, na tena, na tena. Wengine walikuwa wamekwisha kupanda juu kung'oa mabati kabla hajamaliza kupumua. Mtu alimwaga petroli juu ya godoro. Jirani mmoja, mama wa kwaya, alipita ubavuni mwa maiti akabeba ile redio.

Tshilombo alikuwa uani, mtoto wake Shekina mgongoni. Fidélie alimkamata kiuno, akamvuta ndani ya mahindi nyuma ya nyumba, naye akawa anavutika kama mtu aliyelala, macho yake yakiwa bado mlangoni.

"Tembea," Fidélie alimwambia. "Usigeuke. Tembea."

Kutoka Kapata hadi stesheni ni mwendo mrefu. Mwanamke mwingine angejifunga kitenge kichwani akapita kama muuza mboga. Tshilombo hangeweza. Urefu uliompandisha thamani kwa timu mbili ndio uliomtangaza kwa kila mtu barabarani. Kwenye kizuizi cha kwanza, Fidélie alitoa saa yake ya mkononi, wakapita. Kwenye cha pili, matairi yalikuwa yanawaka, na vijana kama ishirini walikuwa wamekaa juu ya viti walivyoviiba.

Walimtambua mara moja. "Pivoti! Pivoti!" mmoja akaita, kwa jina la nafasi yake chini ya kikapu, akaanza kuimba ule wimbo wa Jumapili ambao washabiki waliimba Tshilombo akifunga. Wawili watatu wakaitikia. Mwingine aliinua mikono akiigiza anavyorusha mpira. Walikuwa wanacheka, na kwa muda mfupi ilionekana watafungua njia.

Ndipo Dodo akafika kwa baiskeli, nondo ikiwa imefungwa kwenye usukani. Shati lake lilikuwa na damu ya Tshibangu mpaka kwenye mikono. Hakuuliza kitu. Aliifungua nondo, akampiga Tshilombo mkono wa kulia juu ya kiwiko, na mfupa ukasikika ukivunjika.

"Mukono ya magunia mbili!" alisema.

Yule mwimbaji alinyamaza, akatazama chini. Tshilombo alipiga magoti. Dodo aliinua nondo tena, na safari hii macho yake yalikuwa mgongoni mwa Tshilombo, kwa yule mtoto.

Beleshi la kurundikia mchanga lilikuwa limesimikwa kando ya matairi. Fidélie alilishika kwa mikono miwili, akampiga Dodo usoni kwa makali. Dodo alikaa chini, kama mtu aliyechoka. Akampiga mara ya pili begani, nondo ikaanguka. Mara ya tatu haikuwa ya kumwokoa mtu. Alilijua hilo alipokuwa akiliinua beleshi, na bado akaliteremsha juu yake.

"Mupite!" yule mwimbaji alisema kwa sauti ya chini. "Mbio!"

Wenzake walikuwa wamemzunguka Dodo, damu ikimtoka jichoni. Wanawake wale wakakimbia, mmoja akiushika mkono wake uliovunjika, mwingine akiwa amemchukua mtoto. Mawe yaliwafuata. Moja lilimpata Fidélie kisogoni, lakini hakuanguka, kwa sababu ya mtoto.

Stesheni ilikuwa imezungukwa na askari, na ndani yake walikuwa maelfu. Walikaa juu ya reli, chini ya mabehewa, kwenye matope, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Muuguzi mmoja, naye amefukuzwa, aliufunga mkono wa Tshilombo kwa vipande vya mbao za kreti. Watu waliharisha na kufa, wakafunikwa mikeka, mikeka ikaisha.

Fidélie hakurudi Kapata siku ile, alilala parokiani. Aliporudi kesho yake vijana walikuwa wanamngoja. Walimvunja mbavu mbili kwa mateke, wakavunja madirisha yake yote, kisha mmoja akakumbuka kwamba baba yake alitoka Manono, ndani ya Katanga, na wakamwacha hai kwa ajili hiyo. Alipoweza kusimama, alifungua stoo ya timu, akapakia magunia mawili kwenye baiskeli, akayasukuma mpaka stesheni, akisimama kila hatua hamsini apumue.

"Ni yako," alimwambia Tshilombo. "Njo vile tulipatana."

Tshilombo aliyatazama magunia. Shekina alikuwa na homa, amelala mapajani. "Ungeniambia niende Lubumbashi mu Januari."

"Nilikuambia uende."

"Mu Machi. Na ulisema mara moja tu."

Fidélie aliyashusha magunia kwenye baiskeli. Alikaa karibu naye mpaka jioni, wakichambua mchele aliowapa mtawa, na walipozungumza tena walizungumzia chumvi. Baada ya wiki tatu treni ilikuja, ya mabehewa ya wazi ya kubebea madini. Tshilombo alipandishwa kwa mkono wake mmoja, mtoto akapitishwa juu ya vichwa vya watu, angali na homa. Fidélie aliwaona kwa muda mrefu, kwa sababu ya urefu wa mama yule. Hakupata habari zao tena.

Mwezi wa Mei mkubwa wa huduma za jamii alimwita. Ligi itachezwa, alisema, na timu zilizobaki.

"Magunia ni yale yale kumi. Na weye sasa uko na bachezaji saba tu. Kila mumoja utamuongezea. Unaona? Fasi iko."

Fidélie alitoka bila kuaga.

Jioni ile Abigaëlle alikuja. Alikuwa amekonda, na watoto wake walikuwa wamekonda kumshinda. Kaka yake alikuwa amepona, alisema, ila jicho moja limekwenda. Fidélie hakusema pole.

"Nimesikia fasi iko," Abigaëlle alisema.

"Iko."

"Mi sikubaambia baue muntu."

"Ulibaambia nini?"

Abigaëlle alitazama miguu yake. "Magunia mbili. Niliongea tu juu ya magunia mbili. Kila siku niliongea."

Fidélie alikwenda stoo, akarudi anakokota gunia, akaliacha miguuni pake. "Bunga utakuya kukamata kila mwezi, batoto bakule. Jezi, hapana."

Abigaëlle alichuchumaa, akalipandisha gunia kichwani peke yake, kwa lile goti bovu, na Fidélie hakumsaidia.

Malakite ilicheza mechi nne mwaka ule, Mwanvua akiwa kapteni, ikashindwa zote. Septemba unga haukuja, wala Oktoba, na hakuna aliyeivunja timu: watu waliacha tu kuja mazoezini. Fidélie aliuza madirisha aliyokuwa ameyatengeneza upya, akahamia Musonoi, ambako wachimbaji walikuwa wameanza kuingia mashimoni kwa nyundo na mikono, akawapikia bukari na sombe, yaani kisamvu. Walimpenda kwa sababu alijaza sahani. Dodo pia alichimba huko miaka michache. Saa ya chakula alipita upande wa pili wa barabara, uso ameugeuza, akaenda kula kwa mama mwingine.