Maiti Niliyemgeuza Kibla

Mimi ni mzee wa Tanga, mlinzi katika makumbusho ya sanaa ya chuo kimoja hapa Johannesburg. Kosa hili ni langu peke yangu.

Tuliambiwa maonyesho mapya yanahusu wazee wa nchi hii ambao mifupa yao ilibebwa Ulaya ikafungiwa makabatini. Asubuhi moja ya baridi kali, kabla hatujafungua, nikakuta sakafuni mtu amefunikwa sanda gubigubi. Unyayo mmoja ulikuwa nje. Nikaugusa, baridi kama bati. Nikaamini mmoja wa wale wazee amerudishwa mwili mzima, akatupwa pale bila hata kulazwa vizuri.

Sikuita mtu. Nilipiga magoti, nikamshika bega na kiuno, nikamgeuza ubavu wa kulia aelekee Kibla, kama tunavyolaza maiti kwetu. Alikuwa mzito, lakini hakuwa amekakamaa. Nikaanza kumwombea dua. Sijafika katikati, sanda ikavuta pumzi.

Ikafunuka polepole usoni. Alikuwa msanii wa maonyesho yale mwenyewe, dada wa Kizulu, akifanya mazoezi ya onyesho lake la kulala kama mmoja wa wazee wale.

“Baba,” akaniambia taratibu, “wazee wetu walihamishwa bila kuulizwa. Wewe uliniuliza?”