Prosesa Iliyopakwa Mafuta ya Mama

Nilipaka prosesa mafuta ya kujipaka ya mama. Naanza na hilo kwa sababu kila mtu kwenye ploti yetu ameshalisikia, na wanavyolisimulia wao nilipaka hata kioo na kibodi. Hapana. Nilipaka prosesa peke yake, kwa kidole kimoja, na nilipaka vizuri mpaka kwenye pembe.

Wacha nieleze nilivyowaza, maana kuwaza niliwaza. Laptop ilikuwa ya dada yangu, anayesomea kuchora majengo katika chuo kimoja mjini. Si hizi laptop nyembamba kama chapati ya hotelini. Ni zile za zamani walizotengenezewa mainjinia wa ng'ambo, nene, nzito, zenye skrubu kila mahali, na mgongoni bado ina kibandiko cha ofisi iliyoitumia mpaka ikaichoka. Ukiibeba kutoka steji ya Mowlem hadi kwetu orofa ya tatu, bega linakuuliza maswali. Lakini uzito huo una siri, na siri hiyo niliijua kabla ya mwenye laptop. Ndani, prosesa, ule ubongo wa mashine, haijachomelewa kwenye bodi. Imekaa kwenye kiti chake na kushikwa na skrubu moja. Unaizungusha nusu, inatoka kama jino la mtoto. Kadi ya grafiksi nayo, ile inayochora picha, ni kipande cha pekee, unakitoa unaweka kingine. Laptop za siku hizi zimegandishwa kila kitu, ikizeeka inazeeka yote. Hii ungeweza kuirudisha ujanani.

Nilikuwa Kidato cha Tatu, shule imefungwa kwa likizo fupi ya katikati ya muhula, na mfukoni nilikuwa na prosesa ya viini vinne imefungwa kwa karatasi ya chokoleti. Niliipata kwa kubadilishana na njumu zangu. Mwenzangu darasani ana mjomba anayetengeneza kompyuta, na yeye alikuwa na miguu lakini hana njumu. Siku hiyo ya Alhamisi, dada alipopanda kwenye paa kufua, nikafungua mashine yake. Sikumuuliza. Nilitaka ashuke akute mambo yamebadilika.

Kila kitu kilienda sawa mpaka pale video niliyokuwa nikifuata kwenye simu iliposema sasa paka pesti mpya kati ya prosesa na ile shaba inayoondoa joto. Pesti sikuwa nayo. Mezani kulikuwa na mkebe wa mafuta ya mama. Nikaangalia pesti kwenye video: laini, inang'aa, inapakwa kidogo. Nikaangalia mafuta: laini, yanang'aa, na tumepakwa nayo uso kila Jumapili tangu tuzaliwe, mpaka tukipita juani watu wanafumba macho. Kama yanamsaidia mtoto na baridi ya Julai, si yataisaidia prosesa na joto. Na Fizikia nina B.

Mashine ikawaka. Ikahesabu viini vinne. Nikafunga skrubu zote, nikakaa na kitabu cha Kiswahili kwa uso wa mtu ambaye hajafanya kitu.

Alasiri hiyo dada akaanza kazi yake kubwa. Jumatatu alikuwa awasilishe mradi wa mwisho: nyumba za kukodisha ambazo kila chumba kinapata jua. Sisi tuna shangazi anayeishi Tassia, pale unaweza kumsalimia jirani kwa mkono kupitia dirishani, na nadhani wazo lilitoka huko. Michoro alikuwa ameimaliza. Zilibaki picha, zile zinazoonyesha jengo kama limeshajengwa, na vivuli vyake na mwanga ukiingia jikoni. Bila picha huwasilishi, na usipowasilisha unarudia mwaka. Na mwaka mmoja dada alikuwa ameshaupoteza. Ni ule nilioingia Kidato cha Kwanza. Alikaa nyumbani ili mimi niende. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Angenikumbusha ningesahau.

Dakika ishirini hivi, feni ikaanza kulia. Halafu chumba kikaanza kunukia Jumapili asubuhi. Dada akainua pua.

"Nani ameoga?"

Skrini ikazima. Akaiwasha, ikazima. Akaiwasha tena, ikakaa dakika mbili ikazima. Nilikuwa mlangoni, na alipobonyeza kuiwasha mara ya tatu, nikasema yote kwa mara moja, kama mtu anayetapika.

"Umeipaka mafuta," akasema.

"Kidogo."

"Laptop yangu."

"Ni yale hayana harufu sana."

Mimi nikifanya ujinga huwa naongeza mzaha juu yake, dada anacheka, ujinga unaisha. Siku hiyo hakucheka. Mzaha ulianguka chini ukabaki hapo, na hakuna aliyeuokota.

Mama aliporudi kutoka kiwandani akasimuliwa. Akachukua mkebe wake, akaufunga, akauweka juu ya kabati. "Hiyo mashine si yako," akaniambia. Kuanzia hapo hakunisemesha tena isipokuwa nipitishe chumvi.

Ijumaa asubuhi tukaibeba mimi na dada hadi kwa mwanamke mmoja mwenye kibanda cha mabati upande wa Dandora, ambaye mafundi wote wa kwetu humjua. Yeye hununua vyombo vya umeme vilivyokufa na kuvichambua kama mchinjaji: plastiki huku, bodi huku, shaba kwenye magunia. Aproni yake ina mifuko ya bisibisi tu.

"Niaje, mathe," nikamsalimia.

"Mathe ni yule wa kwenu. Lete hiyo kitu."

Aliifungua kabla mimi sijamaliza kumwonyesha skrubu zilipo. Akatazama ndani. Akainama zaidi.

"Nani alipaka huyu mtoto mafuta?"

Dada akanionyesha kwa kidole.

"Na hukumvalisha soksi?"

Dada akacheka. Alikuwa hajacheka tangu jana yake, na hata mimi niliyekuwa nikichekwa nilishukuru.

Mwenye kibanda akasugua ile prosesa kwa spiriti na mswaki mkuukuu huku akitueleza kwamba haijafa. Hizi za zamani zina akili, zikisikia joto zinajizima zenyewe. Mafuta yalikuwa yameyeyuka yakatiririka pembeni, kwa hiyo prosesa ilikuwa inaungua peke yake, bila wa kuisaidia. Lakini kulikuwa na tatizo lingine ambalo hata video yangu haikulitaja.

"Hii shaba ni nyembamba," akasema. "Ilikuwa ya ile prosesa ndogo. Wewe umeleta mtu wa ugali ukampatia sahani ya chai. Hata na pesti ya ukweli, itazima tu."

"Sasa?"

"Sasa unataka shaba ya dada yake mkubwa."

Huyo dada mkubwa alikuwepo, kwenye lundo, laptop ya aina ileile lakini iliyotengenezwa kwa kazi nzito zaidi, kioo kimepasuka. Kadi yake kubwa ya grafiksi, ambayo shaba hiyo ilitengenezewa kuipoza pia, ilikuwa bado ndani. Shaba ilikuwa imeshatolewa, kwa sababu hapo shaba ndiyo hutolewa kwanza, kabla hata mzoga haujapoa. Ilikuwa katika moja ya yale magunia matatu. Na lori la kubeba shaba huja Ijumaa saa nane.

Nilimwaga gunia la kwanza. Ukitaka kujua shaba za laptop zinavyofanana, fikiria mifupa ya samaki wa mtaa mzima. Dada akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika ile yetu nyembamba kama kipimo, na kila niliyoinua aliilinganisha nayo, mashimo ya skrubu kwa mashimo ya skrubu. Hapana. Hapana. Hiyo umeshanionyesha. Mikono yangu ikawa myeusi mpaka kiwiko. Gunia la pili lilikuwa karibu kuisha nilipoinua moja yenye mirija mitatu minene, na dada hakusema hapana. Aliigeuza, akaiweka juu ya bodi. Ikakaa.

"Unanilipa aje?" mwenye kibanda akauliza.

"Mimi ni mwanafunzi."

"Naona. Hapa ni shaba kwa shaba."

Ndiyo desturi yake. Uzito wa gunia wenye lori wanaujua, kwa hiyo ukitoa shaba unarudisha shaba, sheria haina mtoto wa mtu. Ile yetu nyembamba ikawekwa kwenye mzani upande huu, nene upande ule, na ile nene ikazama, ikatushusha heshima. Nikakimbia nyumbani. Nikarudi na mfuko wa kila waya uliokufa kwetu: chaja, visikizi, kamba ya pasi iliyoungua. Nikakaa chini nikazichuna kwa kisu na meno, huku jamaa wa lori wameshafika na wanasubiri wakitafuna miwa.

"Huyu ni mtoto ama ni panya?" mmoja akauliza.

"Ni fundi wa mafuta," mwenye kibanda akamjibu.

Mzani ukalala sawa. Kwa kadi kubwa alichukua kadi yetu ndogo na ile prosesa ya kwanza. Pesti akatupatia ya bure, ndani ya kipande cha nailoni, akampa dada mkononi, si mimi. "Kiasi cha punje ya dengu," akamwambia. "Si uji."

Jumamosi tukaijenga kwenye kitanda cha dada, juu ya shuka safi. Yeye akapaka pesti. Mimi nikaweka kadi kwa kuiinamisha, nikaishusha, nikafunga skrubu zake; nikalaza shaba juu ya zote mbili, nikachomeka waya wa feni. Tukawasha. Taa ndogo ikawaka, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Dada akaweka mikono kichwani, na hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote, kwa sababu sikuwa na mzaha hata mmoja. Nikafungua tena. Nikaikagua kadi: ilikuwa imeketi upande mmoja tu, kama mtu anayetaka kuondoka mapema kanisani. Nikaisukuma mpaka ikasema "tk".

Kioo kikawaka. Nimeona vitu vizuri maishani, sijaona kizuri kama hicho.

Jumapili baada ya ibada dada akaanzisha picha zake. Zamani picha moja ilikuwa inachukua usiku kucha na asubuhi unakuta imekwama. Sasa tuliweka ndengu jikoni, na kabla hazijaiva picha ya kwanza ilikuwa tayari: jua limeingia jikoni kwenye nyumba ambayo haipo, likalala kwenye sakafu. Nilikuwa naangalia namba ya joto pembeni mwa kioo jinsi watu wanavyoangalia mpira. Ilipanda, ikafikiria, ikatulia. Dada akazungusha jengo zima kwa kidole kimoja na halikukwama. Kuna vijana darasani kwetu wenye laptop mpya nyembamba walizonunuliwa, na mimi hata ya kwangu sina. Lakini hii naijua tumbo lake lote. Nikizimiwa stima naweza kuifungua gizani.

Jumatatu nikarudi shule na viatu vya kawaida, nikawa mchezaji wa akiba. Jioni nilipofika nyumbani dada alikuwa ameshatoka chuoni. Amepita. Waliokaa kumsikiliza walimuuliza picha hizo alitengenezewa duka gani la saiba mjini. Akawaambia ni za nyumbani, ndugu yake ndiye aliyejenga mashine. Hilo aliiambia sufuria akipakua, hakunitazama mimi. Nikaomba arudie, akakataa.

Tukakaa kula. Mama alikuwa na siku nne hajanisemesha, na kwetu mambo ambayo mama hawezi kukuambia usoni huyapitisha kwa Mungu kabla ya chakula, nawe umefumba macho na huwezi kujitetea. Akashukuru kwa ugali. Akashukuru kwa dada na masomo yake. Nikajua inayofuata ni zamu yangu, naye akasema hivi, neno kwa neno:

"Na huyu kijana, Bwana, mikono umempa, tumeiona, hata mimi nimewaambia wenzangu kazini. Sasa mpe na mdomo wa kuuliza mwenyewe kabla hajafungua kitu cha mtu. Amina. Kuleni, chakula kinapoa."