Bango Lisilo na Uso wa Anti Nafula

Leo nimemfuta mtu kwenye bango lake mwenyewe, na nilidhani namheshimu.

Mnajua mabango yetu ya kanisa: sura za watu zimejaa hadi kwa kona. Sasa muhula huu chuoni tunasoma mabango ya filamu ya Poland. Wachoraji wale huchora kwa mkono, filamu nzima wanaisema kwa picha moja, na uso wa staa haupo! Nikalewa nayo kabisa.

Kwa hivyo bango la ibada ya kwaya nikachora koo la mtu, ndani ndege. Basi.

Ijumaa ndiyo hii, tuko kanisani Mesaimeer, huku ugenini, Anti Nafula, mwimbaji wetu mkuu, anaangalia simu yangu.

"Mimi niko wapi?"

"Huyo ndege ni wewe, Anti."

Akatabasamu. (Heri angenigombeza.)

"Ni nzuri, mwanangu. Lakini nilisuka nywele, nikaazima gauni, nikapigwa picha. Nilitaka mama yangu kule nyumbani anione mara moja bila yunifomu ya kazi."

Nisemeni tu, nimestahili.

Ile picha alinitumia wiki jana. Nimeifungua leo kwa mara ya kwanza.

Amependeza, jamani.